Bibi wa Utetela na bibi wa Mbwamaji: kisa cha ukoo wa Tippu Tip

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mfanyabiashara mmoja wa Unguja alifika Utetela, nchi iliyo ndani kabisa ya Kongo ya leo, akadai utawala. Bunduki alikuwa nazo nyingi, lakini hakuanza na bunduki. Alianza na bibi yake. Alieleza kwamba zamani kulipiganwa vita, na watu wa Urua, nchi ya Waluba, wakawachukua mateka dada wawili wa mzee Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela. Mmoja wao, Daramumba, alinunuliwa na Mwarabu aliyekuwa amefika Urua kutafuta pembe za ndovu, jina lake Habib bin Bushir el Wardi. Habib akamweka nyumbani, naye akamzalia binti. Binti huyo, alisema mgeni, ndiye mama yangu. Mimi ni mtoto wenu, nimerudi.

Mzee Kasongo Rushie alimpokea. Akampa nchi, na pembe zikawa zinaletwa kwake.

Mgeni huyo alikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi, ambaye sisi sote tumemsoma shuleni kwa jina la Tippu Tip. Habari za dada wawili waliotekwa alikuwa amezisikia njiani kabla hajakanyaga Utetela. Habib bin Bushir alikuwa babu yake kweli, mzaa mama. Ila mama yake Hamed alihesabiwa kuwa binti wa Waarabu wa Maskati, na wanahistoria wengi wanaichukulia habari ya Daramumba kuwa ni hila aliyoitunga mtu hodari wa maneno. Yeye mwenyewe ameieleza, kwa Kiswahili, katika maisha yake aliyoyaandika uzeeni baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Anaieleza kwa utulivu ule ule anaoelezea bei ya pembe.

Nimeanza na tukio hili kwa sababu kila ninapolirudia naona ukoo mzima umo ndani yake. Huyu ni mtu aliyekuja kutajwa kuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Siku aliyohitaji ufalme, ufunguo alioutoa mfukoni ulikuwa mwanamke mtumwa. Alimtaja kwa jina, akamtaja na ndugu zake, na nchi aliyotoka, na vita vilivyomchukua. Katika nasaba yake halisi, ile aliyoibeba mwilini, mwanamke wa aina hiyo hana jina hata moja.

Nasaba yenyewe

Upande wa baba tunahesabu hivi: Hamed, mwana wa Muhammed, mwana wa Juma, mwana wa Rajab bin Muhammed bin Said el Murjebi. Rajab alimwoa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, mtu wa ukoo ulioheshimika Maskati. Na mama wa binti huyo alikuwa mwanamke Mwafrika kutoka Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya mahali ambapo baadaye palijengwa Dar es Salaam. Leo ukivuka kwenda Kigamboni ukaendelea hadi Gezaulole, unafika kwenye kiambo hicho cha kale, na makaburi yake yangalipo.

Angalia majina. Rajab ana jina na baba yake ana jina. Mnebhani ana jina, na ukoo wake, na mji wake. Mwanamke wa Mbwamaji ametajwa kwa kijiji chake tu, kama mzigo unavyotajwa kwa bandari ulikopakiwa. Na bila yeye hakuna Juma bin Rajab, hakuna Muhammed bin Juma, hakuna Tippu Tip.

Msomaji wa leo anaweza kusema huo ni utaratibu wa Waarabu, nasaba hufuata mume. Ni kweli, ila utaratibu huo ulikuwa na kazi pwani yetu, na kazi hiyo ndiyo kiini cha kisa. Katika jamii ya mwambao wa karne ya 19, tofauti ya muungwana na mtumwa haikuwa rangi. Msafiri Mzungu Henry Morton Stanley alipokutana na Hamed mwaka 1876 aliandika kwamba ni mtu mrefu, mwenye ndevu nyeusi na sura ya Kiafrika. Hakuna aliyemnyima heshima kwa hilo, si Unguja wala Tabora. Tofauti ilikuwa ukoo. Muungwana alikuwa mtu anayeweza kuwahesabu baba zake mbele ya watu, na mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa na wake. Kumfanya mtu mtumwa kulianza kwa kumtoa mahali ambapo jina la baba yake lina maana, kumpeleka mahali ambapo halina. Ndiyo maana mtu aliyefikishwa pwani karibuni aliitwa mjinga, na aliyezaliwa hapo hapo utumwani akaitwa mzalia. Majina hayo mawili yalipima umbali wa mtu na kwao.

Kwa hiyo Hamed alipowaambia Watetela kuwa Daramumba ni bibi yake, alifanya jambo ambalo biashara yake nzima ilikuwa inalifuta kila siku: alimrudishia mateka ukoo wake. Alimrudishia mmoja, kwa siku moja, kwa faida yake. Katika msafara wake walikuwamo wanawake wengine wenye kaka, wenye vijiji, wenye vita vilivyowachukua. Hao hakuwaulizia nasaba.

Wanawake watatu na safari moja

Ukoo huu ulipanda kwa ndoa kama ulivyopanda kwa baruti, na sehemu hii husimuliwa haraka mno. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed, aliingia bara mapema akajenga karibu na Tabora. Huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Kwa msomaji wa mjini leo hiyo inasikika kama harusi tu. Kwa mfanyabiashara wa wakati ule ilikuwa mlango. Mgeni wa kawaida alilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kila nchi aliyopita, alisubiri ruhusa, na aliomba wapagazi. Mkwe wa mtemi alikuwa mtu wa nyumbani, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa njia ya kati. Fundikira alifariki mwaka 1858, ukaja ugomvi wa kurithi na vita baina ya Waarabu na mtemi mpya, lakini nyumba ya Muhammed bin Juma ilibaki imesimama katikati ya mambo ya Unyanyembe. (Ukoo wa Fundikira nao haukuishia hapo. Mtemi Abdallah Fundikira alikuwa waziri wa kwanza wa sheria wa Tanganyika huru.)

Hamed mwenyewe alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Alianza safari na umri wa miaka kumi na miwili, safari za karibu za sandarusi (utomvu mgumu wa miti) hapa Mrima, pwani ya bara, pamoja na kaka yake wa upande wa mama, Muhammed bin Masud el Wardi, na wajomba. Alipokuwa na miaka kama kumi na minane baba yake alimchukua bara. Baadaye akaoa Unguja binti wa Salum bin Abdallah el Barwani, mwanamke mwenye mali Unguja na Maskati. Basi jumlisha: mwanamke wa Mbwamaji aliyefungua pwani, binti wa mtemi aliyefungua Unyanyembe, na binti wa el Barwani aliyeleta mali na jina la ukoo mkubwa. Daramumba, wa kweli au wa kutungwa, alifungua Utetela. Mwanaume mmoja anapewa sifa ya kuufungua ukanda wote huo.

Mtaji wa pesa nao una mlango wake. Misafara hii ilikwenda kwa mkopo. Hamed alikopeshwa nguo, shanga na baruti na wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, na mkubwa wao kwake alikuwa Taria Topan. Mkopo ulipaswa kulipwa kwa pembe, na pembe zilikwenda Ulaya, Marekani na Bara Hindi kuwa vibao vya piano, mipira ya biliadi, vitana na bangili. Nayataja haya kwa sababu tunapenda kumweka Tippu Tip peke yake jukwaani. Alikuwa na wenye kumdai nyuma yake, na wateja mbele.

Mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itabwa, kati ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika, mtawala aliyekuwa amewashinda wafanyabiashara wengi kabla yake. Hamed alishinda. Katika habari zake anahesabu pembe zilizotoka kwa Nsama: frasila 1,950, pamoja na shaba. Frasila ni ratili 35, na mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili. Piga hesabu, utapata karibu watu elfu moja kubeba pembe za vita hivyo pekee, kutoka ziwa Mweru mpaka baharini. Wengine waliajiriwa. Wengine walikuwa mateka wa vita hivyo hivyo, wakibeba pembe za nchi yao kuelekea mahali ambapo wao wenyewe wangekuwa mali. Jina Tippu Tip linasemekana kuzaliwa katika vita vya namna hii, kutokana na mlio wa bunduki masikioni mwa waliokimbia. Wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwenyewe alipenda maana ya bunduki.

Jambo moja linanisumbua kila ninaposoma habari zile. Pembe zimepimwa. Wanadamu wametajwa kwa makundi. Anayajua majina ya watemi, ya Wazungu, ya wadai wake, hata ya watu waliomwudhi miaka thelathini nyuma, maana alikuwa na kumbukumbu kali ajabu. Kwa hiyo hawezi kudaiwa kusahau. Mtu anayekumbuka jina la dada wa chifu aliyetekwa kabla yeye hajazaliwa angeweza kukumbuka jina la mwanamke aliyetekwa mbele ya macho yake.

Suria, na mtoto wa suria

Hapa lazima tueleze sheria, kwani bila sheria hii ukoo kama huu haueleweki, na ndipo wengi wanapoteleza upande mmoja au mwingine.

Bwana aliruhusiwa kumfanya mjakazi wake kuwa suria. Suria akizaa, na bwana akakubali mtoto kuwa wake, mtoto huyo alizaliwa huru, akachukua nasaba ya baba, akarithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama naye hakuuzwa tena, na bwana akifa akawa huru. Watoto wa Sayyid Said bin Sultan waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa wana wa masuria. Mama yake Sultan Barghash alikuwa Mhabeshi. Kiti cha enzi cha Unguja kilikaliwa na wana wa wanawake walionunuliwa.

Watu wa kwetu wanaotaka kupunguza uzito wa habari hizi hushika hapo. Husema: unaona, utumwa wetu ulikuwa wa nyumbani, mtoto wa mtumwa aliweza kuwa sultani. Ninakubali sentensi ya pili, na siikubali ya kwanza kuwa ni utetezi. Sheria ile ilimpandisha mtoto kwa kumfuta mama. Mtoto aliingia katika mnyororo wa majina ya akina baba, na jina la mama likabaki nyuma ya pazia, likitajwa kwa kabila au kwa kijiji: Mhabeshi, Mnyasa, Mmanyema, wa Mbwamaji. Ukarimu wa sheria kwa mtoto na ukatili wake kwa mama ulikuwa kitendo kimoja. Jaribu hili katika familia za pwani zenye nasaba ndefu, na mimi natoka katika moja ya hizo: uliza babu wa saba, utajibiwa papo hapo. Uliza bibi wa tatu. Utasikia kimya kidogo, halafu mtu atabadilisha mazungumzo.

Na ndiyo maana mtu mwenye bibi wa Mbwamaji aliweza kuishi maisha yote akikamata watu mfano wa bibi yake bila kuona kinyume. Wengi hushangaa: vipi mwenye damu ya Kiafrika aliwauza Waafrika? Swali hilo limekopwa kutoka nchi ambazo utumwa wake ulifuata rangi. Kwa Hamed damu ile ilikwisha geuzwa kuwa Murjebi tangu kwa baba wa babu yake. Hakuwa na la kusahau, kwa kuwa nasaba ilikuwa imesahau kwa niaba yake.

Mashamba

Alirudi Unguja mwaka 1882 baada ya miaka kama kumi na miwili bara, kisha akapanda tena. Februari 1887 alitia sahihi Unguja mkataba ulioletwa na Stanley, akawa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola la Kongo la mfalme Leopold wa Ubelgiji, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Kiasi hicho kwake kilikuwa kidogo sana. Faida ilikuwa kubaki na Manyema, nchi yake ya mashariki ya Kongo, bila vita. Mwaka 1890 aliondoka huko, mwaka uliofuata akafika pwani, na hakurudi tena.

Fedha za pembe zilikuwa zimegeuka ardhi. Hapa ndipo zinapotoka takwimu zile zinazorudiwa kila mahali: mashamba saba, watumwa 10,000. Nisingeichukua ile elfu kumi kama daftari la mishahara. Mtu mkubwa alihesabiwa watu wake wote, wa shamba, wa mjini, wa safarini. Lakini hata ukiikata nusu, unazungumzia mji mzima wa watu.

Shamba la karafuu lilikuwa na siku zake. Mtumwa wa shamba wa Unguja kwa kawaida alifanya kazi ya bwana siku tano. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake, na alipewa kipande cha kupanda muhogo wake. Juu yake palikuwa na kadamu, juu ya kadamu nokoa, juu ya nokoa msimamizi. Kadamu na nokoa mara nyingi nao walikuwa watumwa. Msimu wa karafuu ukiingia, mapumziko yalimezwa. Tumba la ua huchumwa likiwa bado halijafunguka, na haliivi siku moja na mwenzake, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara kadhaa. Tawi la mkarafuu huvunjika kirahisi. Kisha kuchambua, kisha kuanika juani siku kadhaa na kuikimbilia mikeka kila wingu linapokusanyika. Watu waliozaliwa kwenye misitu ya mto Lualaba, huko Kongo, walijifunza kazi hiyo kwenye vilima vya Unguja, katika visiwa ambavyo mikarafuu yenyewe ilikuwa imeletwa kutoka nje, na kimbunga cha 1872 kilikuwa kimekwisha kuingʼoa mingi ikabidi kupandwa upya. Waliopanda upya walikuwa hao hao.

Mtumwa wa mjini alikuwa na nafasi kubwa kidogo. Alipelekwa kufanya kazi kwa wengine, akampa bwana sehemu ya ujira. Neno kibarua, tunalolitumia kila siku, lina mizizi hapo, katika kile cheti kidogo cha kazi.

Watoto wawili

Hamed alikuwa na mwana, Sefu, aliyemwachia mambo ya Kasongo, mji wake wa Manyema. Na kulikuwa na mtu mwingine ambaye kwa macho yangu ni wa ukoo huu pia, ijapokuwa nasaba haimtambui. Jina lake Ngongo Lutete. Alitekwa utotoni, akakulia utumwani mikononi mwa watu wa biashara hii, akaonyesha ushujaa, akapewa bunduki, akawa mkusanyaji mkuu wa pembe za Hamed magharibi ya mto Lomami, na makao yake Ngandu yakawa mji mkubwa. Hivyo ndivyo Manyema ilivyotawaliwa: mtoto aliyetekwa alilelewa kuwa mtekaji.

Mwaka 1892 Ngongo Lutete alipigana na majeshi ya dola la Leopold chini ya Francis Dhanis, akashindwa, kisha akageuka akaungana nao. Sefu alidai arudishwe kwake. Katika dai hilo unasikia sauti ya bwana aliyetorokwa. Hakurudishwa. Vita vikaja, na watu wa Ngongo Lutete ndio waliokuwa wingi wa jeshi lililomshinda mwana wa bwana wake wa zamani. Mji wa Nyangwe ulianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili. Mnamo Septemba mwaka huo huo maofisa wa Leopold wakamshitaki Ngongo Lutete kwa usaliti, wakampiga risasi huko Ngandu. Oktoba Sefu akauawa vitani. Mtoto wa damu na mtoto wa utumwa walikufa ndani ya wiki chache, na pembe zikaendelea kutoka, safari hii kwa njia ya magharibi. Utawala uliokuja kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa ukafuatisha kazi ya lazima ya kugema mpira, mateka na kodi ya damu. Hilo halimsafishi Hamed hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini wazee wengi wa Manyema hawakuona tofauti waliyoahidiwa.

Na kuna jambo walilolifanya watu wa kawaida wa Kasongo na Nyangwe, mateka na wana wa mateka, ambalo mimi naliona kubwa kuliko vita vyote hivyo. Walijiita waungwana. Wangwana, kwa matamshi ya huko. Walivaa kanzu, wakasali, wakalima mpunga, wakazungumza Kiswahili, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Mamilioni ya Wakongo wa mashariki wanazungumza leo lugha yenye mizizi pale. Walinyangʼanywa ukoo, wakalichukua neno lenyewe lililokuwa likiwatenga, wakalivaa.

Hati za 1897 na 1909

Hamed aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba yake ya Shangani, Mji Mkongwe, nyumba ambayo bado imesimama na mlango wake wa nakshi, na familia kadhaa zimeishi ndani yake tangu hapo. Alikuwa hapo tarehe 6 Aprili 1897, Sultan Hamoud bin Muhammed alipotoa tangazo la kuondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba.

Tangazo lile lilitungwa kwa uangalifu mkubwa wa kutowaudhi wenye mashamba. Mtumwa hakuwa huru siku ile. Aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani kuomba, akaonyesha ana pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Mwenye mtumwa alilipwa fidia na hazina. Mtumwa hakulipwa chochote. Wengi walibaki pale pale kwenye kipande chao cha muhogo, wakilipia makazi kwa siku kadhaa za kazi kila wiki.

Na masuria waliachwa nje. Tangazo lilisema wahesabiwe kama wake, wabaki walivyo, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha ukatili. Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imepiga kelele miaka mingi juu ya majahazi na minyororo, ilifika kwenye mlango wa ndani wa nyumba ikasimama. Wenye nyumba walikuwa wameeleza kwamba ukimwachia suria atoke, unatikisa heshima ya watoto wake, ndoa na mirathi, na wakasikilizwa. Kwa maneno mengine mwanamke wa Mbwamaji, kama angeishi hadi siku ile na kuwa suria wa mtu, angepewa jibu kwamba yeye ni mke, na mke haombi uhuru.

Hamed bin Muhammed alifariki Mji Mkongwe Juni 1905, kwa malaria. Mashamba yaligawanywa kwa sheria ya mirathi, kila mrithi akitajwa kwa jina lake na la baba yake. Mlango wa mahakama ulifunguliwa kwa masuria mwaka 1909. Aliyekwenda sasa aliulizwa na karani swali ambalo Hamed hakuwauliza wanawake wa msafara wake: jina lako nani, na wewe ni binti wa nani.